Kupima unene wa unywele kwa tochi ya leza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na vijana wa Mtwara na Lindi

Jaribio lenyewe ni lipi?

Unamulika unywele mmoja kwa leza ndani ya chumba chenye giza. Ukutani, mita 3 hivi mbele yake, hutaona kivuli cha unywele. Utaona mstari wa madoa mekundu yaliyotenganishwa na vipande vya giza. Unapima kutoka giza hadi giza kwa rula ya shule, unazidisha mara moja na kugawanya mara moja, unapata unene wa unywele wako.

Rula hiyo haisomi chini ya milimita 1, na unywele haufiki hata sehemu ya kumi ya milimita kwa watu wengi. Kinachofanya kazi ya hadubini hapa ni urefu wa chumba. Ndiyo maana vijana wanaokuja kibandani kwangu, ninapotengeneza redio, huwa nawaambia waache kuulizia leza ya bei mbaya, waulize kwanza ni nani kwao ana sebule ndefu.

Vifaa ni vipi na vinapatikana wapi?

Leza nyekundu, ile ndogo ya kuning'iniza kwenye funguo, wamachinga wanayo Mtwara mjini na Lindi mjini, meza hiyohiyo yenye chaja na spika za masikioni. Chukua na betri za akiba, zile za kidonge, maana hufa upesi. Vingine viko nyumbani: vibanio vitatu vya nguo, kadi ngumu (boksi la viatu linafaa), selotepu, karatasi nyeupe, rula na futi ya seremala. Futi ya fundi cherehani inatumika pia, ila ni fupi, utalazimika kuungaunga, na kila unapounga unaongeza kosa.

Tafuta na CD ya zamani. Aliyewahi kuwa na banda la video atakuwa nazo gunia zima, na atafurahi ukimpunguzia.

Leza haiumizi macho?

Inaumiza, na swali hili lisomwe kabla ya mengine yote.

Leza za daraja la 2 zina nguvu isiyozidi miliwati 1. Ikikupiga kwa bahati mbaya, jicho hujifumba lenyewe ndani ya robo sekunde hivi, na kwa kawaida hiyo inatosha kulikinga. Shida ni kwamba kikaratasi kilichobandikwa kwenye leza ya sokoni si cha kuamini. Kinaweza kusema chini ya 1 kumbe inatoa 5 au zaidi. Basi ichukulie kila leza kuwa kali. Ilaze juu ya meza, chini ya usawa wa macho ya mtu aliyesimama, ifungwe isitembee. Watoto wakae upande wa nyuma ya leza, wasikae upande wa ukuta. Vua saa na bangili. Funika kioo cha kabati na runinga kwa kanga, kwa sababu mwanga ulioruka kutoka kwenye kioo una ukali uleule. Kila mtu anaangalia ukuta. Hakuna anayegeuka kuchungulia mwanga unatoka wapi.

Wengi hupenda ya kijani kwa kuwa inaonekana vizuri zaidi. Mimi siipendi kwa kazi hii. Leza nyingi za kijani hutengeneza ndani yake mwanga usioonekana wenye urefu wa wimbi (kutoka mgongo mmoja wa wimbi hadi unaofuata) wa nanomita 1064, nanomita ikiwa sehemu ya milioni ya milimita, kisha fuwele ndani yake huugeuza kuwa wa nanomita 532, ambao ndio kijani. Zile za bei ya chini aghalabu hukosa kichujio, kwa hiyo mwanga usioonekana huvuja pamoja na ule wa kijani, na jicho halijifumbi kwa kitu lisichokiona. Zile za bluu zinazowasha kiberiti, usije nazo kabisa.

Na ukimaliza, izime. Hiyo si tochi ya kumulikia madereva wa bodaboda, na kuielekezea ndege inayotua uwanja wa Mtwara ni kumtia upofu wa muda rubani mwenye abiria nyuma yake.

Unywele unaubanaje?

Toboa kadi kwa ile mashine ya kutobolea karatasi za faili. Chukua unywele uliouosha kwa sabuni ukakauka, maana mafuta ya nazi yanauongezea unene na kuufanya ushike vumbi. Bandika ncha moja juu ya tundu kwa selotepu, uvute taratibu hadi unyooke, kisha bandika ncha ya chini. Ukilegea utacheza kila mtu anapopumua karibu nao. Nywele fupi za kipilipili zinasumbua hapa. Ubandike ncha ya kwanza, uache selotepu ya pili ikiwa imening'inia, ndipo uvute na kubana kwa mkono uleule.

Vibanio viwili vya nguo vikibana kadi kwa chini vinakuwa miguu yake. Cha tatu kinabana kitufe cha leza ili isikulazimu kukishikilia kwa kidole. Kadi ikae sentimita 20 hivi mbele ya leza. Unywele ukiwa wima, madoa yatapangika mlalo, ukiulaza, yatasimama.

Naona doa moja kubwa jekundu tu. Nimekosea wapi?

Mara nyingi mwanga unapita pembeni ya unywele. Sogeza kadi kidogokidogo, unene wa kadi yenyewe kila mara, huku mwenzako akiangalia ukuta. Unywele ukigusa mwanga, utaona wenyewe uking'aa, na papo hapo mstari utafunguka pande zote mbili za doa la kati.

Kama umefunguka lakini hafifu, chumba hakijawa na giza. Nyumba nyingi zina nafasi kati ya ukuta na bati, mchana mwanga unaingilia hapo hata ukifunga madirisha yote. Fanya baada ya Magharibi. Kisha kaa gizani dakika 10 macho yazoee, bila kuwasha simu. Umeme ukikatika usiku, wengine hulalamika; sisi huo ndio wakati wa kazi.

Napima nini hasa, na hesabu inakwendaje?

Bandika karatasi nyeupe ukutani na uweke alama ya penseli katikati ya kila kipande cha giza, kulia na kushoto. Pima giza, usipime doa la mwanga: doa lina kingo zinazofifia, kila mtu huona mwisho wake kwake, ilhali katikati ya giza mnakubaliana wote. Halafu washa taa, ondoa karatasi, upime ukiwa umekaa mezani.

Usipime kutoka doa la kati. Pima kutoka giza la tatu la kushoto hadi giza la tatu la kulia, ugawanye kwa 6. Tuseme umepata milimita 156. Ukigawanya, nafasi moja ni milimita 26. Umbali kutoka kwenye unywele (kwenye unywele, si kwenye leza) hadi ukutani ni milimita 3000. Urefu wa wimbi la leza yako ni nanomita 648, yaani milimita 0.000648, namna ya kuupata inafuata hapo chini.

Unene = urefu wa wimbi × umbali ÷ nafasi

0.000648 × 3000 ÷ 26 = milimita 0.0748

Yaani mikromita (sehemu za elfu za milimita) 75 hivi. Nywele za binadamu nyingi huangukia kati ya 50 na 100. Ukipata 7 au 750, umekosea nukta mahali. Rudi kwenye hesabu kabla hujarudi kwenye vifaa.

Kosa la milimita 1 ndani ya 156 halifiki asilimia 1. Ndiyo faida ya kupima giza sita badala ya moja. Ukiwa na ukumbi wa mita 6, madoa yanatanuka mara mbili na kosa la rula linakuwa nusu, ingawa mwanga nao unafifia. Kwa leza ndogo mimi husimamia mita 4 au 5.

Kwa nini kuna giza mahali ambapo mwanga unafika?

Kwa sababu mwanga ni wimbi. Unapoupita unywele kushoto na kulia, pande hizo mbili hutanuka nyuma yake na kukutana ukutani. Zimesafiri umbali usiolingana kabisa. Mgongo wa wimbi moja ukifika sawasawa na bonde la lingine, vinafutana; hapo ndipo palipo giza. Mgongo ukikutana na mgongo, doa linang'aa.

Ajabu ni kwamba unywele na ufa wenye upana uleule hutoa mpangilio mmoja, isipokuwa pale katikati. Ni kanuni ya Mfaransa Jacques Babinet wa karne ya 19, na ndiyo inayotuwezesha kutumia hesabu ya ufa kupima kitu kilichoziba.

Kutokana na hayo pia, kitu chembamba zaidi hutoa mstari mpana zaidi. Wanafunzi hulikataa jambo hili mpaka waone. Waonyeshe unywele wa mtoto mchanga pembeni ya wa mtu mzima, maneno hayatahitajika.

Leza yangu haina maandishi. Urefu wa wimbi nitaupataje?

Hapo ndipo CD inapoingia. Uso wake una njia iliyozunguka kama koili, na kutoka mzunguko mmoja hadi unaofuata ni mikromita 1.6. Kipimo hicho kiliwekwa na viwango vya utengenezaji, kwa hiyo CD ya muziki wa dansi na CD ya mawaidha zinacho kilekile. Umeshika mkononi rula ya kiwandani ambayo mtu kaitupa jalalani.

Toboa kadi tundu dogo, mwanga wa leza upite humo na kuipiga CD iliyosimama sentimita 30 mbele. Ipige kati ya tundu lake na ukingo, kwa usawa wa tundu hilo la katikati, ili madoa yatoke kushoto na kulia. Igeuze CD hadi doa linalorudi liangukie kwenye tundu lilelile. Hapo ujue imesimama wima sawasawa. Kwenye kadi utaona madoa mengine, moja kila upande. Pima kutoka tunduni hadi doa la kwanza. Kwa leza nyekundu itakuwa kama sentimita 13.3.

Umbali wa mshazari kutoka kwenye CD hadi doa ni kipeuo cha pili cha (30 × 30 + 13.3 × 13.3), yaani 32.8. Gawanya 13.3 kwa 32.8, zidisha kwa nanomita 1600. Unapata 648 au 649. Pima doa la kushoto na la kulia, uchukue wastani, kwa sababu CD haijawahi kusimama wima kama unavyodhani.

Yupo atakayesema leza nyekundu ni 650, imetosha. Inaweza kuwa 635 pia, na zote macho huziita nyekundu.

DVD inafaa?

Njia zake zimebanana zaidi, mikromita 0.74, kwa hiyo doa hukimbilia mbali: pembe ya nyuzi 61 badala ya 24. Utahitaji kadi pana sana. Kwa kuangalia rangi za taa ni nzuri kuliko CD, kwa kupima anzia na CD.

Nimepima unywele uleule mara mbili, majibu tofauti. Kipi kweli?

Huenda vyote. Unywele wa kusokota haujaviringana kama waya. Ukiukata na kuutazama kwa ncha ni bapa kidogo, kama yai. Ukiuzungusha kwenye kadi, leza inaona upana mwingine. Bandua, uuzungushe robo, bandika tena, upime, uandike vipimo vyote viwili. Kuchukua wastani na kukaa kimya ni kuficha jambo zuri uliloligundua.

Nitaaminije kwamba njia hii inasema kweli?

Pima kitu ambacho unene wake unajulikana. Nenda kwa wauza zana za uvuvi, uliza mshipi wa nailoni ulioandikwa 0.20 kwenye kigurudumu. Hiyo ni milimita. Kwa mita 5 na nanomita 648, nafasi kati ya giza na giza inatakiwa iwe milimita 16.2. Ukipata 16, vifaa vyako viko sawa. Ukipata 12, kagua hesabu na futi kwanza kabla hujamlaumu mwenye duka, ijapokuwa mshipi mnene kuliko ulivyoandikwa si kioja kwa wavuvi.

Wazee wa kazi hiyo hupapasa mshipi kwa vidole viwili na kukwambia unafaa samaki gani. Mpe mmoja wao aupime kwa vidole kwanza, halafu leza ifuate. Ni jioni nzuri.

Pangaboi linaruhusiwa?

Zima. Unywele unatikisika. Jasho futa kwa kanga.

Sina leza na sina hela ya leza. Naweza kufanya nini?

Fanya kama Thomas Young, daktari wa London aliyeonyesha jambo hili mwaka 1803, zaidi ya karne na nusu kabla ya leza kuwepo. Alitoboa tundu dogo, akauelekeza mwanga wa jua kwa kioo uingie chumbani kwa mlalo, akaupasua kwa ukingo wa kadi yenye unene wa sehemu ya 30 ya inchi, milimita 0.85 hivi. Katika kivuli cha kadi akaona mistari ya rangi. Akiziba upande mmoja, mistari inatoweka. Baadaye huyohuyo akatengeneza kifaa cha kupimia nyuzi za sufu kwa njia hii, kwa hiyo unywele wako uko kwenye ukoo wa heshima.

Kwa huku kwetu kazi kubwa ni jua lenyewe. Mtwara na Lindi ziko nyuzi 10 hivi kusini ya ikweta, na karibu na tarehe 20 Oktoba na 21 Februari jua la saa 6 mchana hupita utosini kabisa. Halikuingilii dirishani hata kwa kuombwa. Ama tumia kioo kidogo nje, ama fanya saa 2 asubuhi kwenye dirisha la mashariki. Nyumba za mawe za zamani pale Mikindani, zenye kuta nene na madirisha ya mbao, zingefaa kuliko hizi zetu za bati. Ziba dirisha, acha kitobo cha pini kwenye karatasi ya foili, weka kadi kwa ukingo, na karatasi nyeupe mita 2 au 3 nyuma. Mistari ni hafifu sana. Jua usilitazame moja kwa moja, wala kupitia kitobo.

Ukitanua kitobo kidogo na kuondoa kioo, utaona barabara ya nje ukutani ikiwa juu chini, pikipiki zikipita kichwa chini. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965, alichunguza jambo hilo na kulitumia kuonyesha kwamba mwanga husafiri kwa mistari iliyonyooka. Watoto wakishaliona hili, jaribio la nywele hulipati tena siku hiyo.

Kuna jaribio linalotumia chumvi?

Lipo, na chumvi ya mashamba ya huku pwani inatosha. Mtu mzima aweke spiriti kidogo kwenye kifuniko cha chupa juu ya sahani ya bati, atie chumvi, awashe chumbani gizani. Mwali unakuwa wa njano. Tazama uakisi wake kwenye CD: taa ya LED nyeupe hutoa upinde mzima wa rangi, mwali huu hutoa karibu njano peke yake, nanomita 589, rangi ya sodiamu iliyomo ndani ya chumvi. Leta na kanga nyekundu karibu. Wekundu unapotea, inaonekana kama nyeusi iliyopauka, na nyuso za watu zinakuwa za kijivu. Usiongeze spiriti mwali ukiwa unawaka. Spiriti huwaka bila kuonekana vizuri na moto hupanda hadi kwenye chupa.

Hili linatoka kwenye mtihani?

Mawimbi yapo sekondari, na kufutana kwa mawimbi huingiwa kwa undani kidato cha 5 na 6. Lakini mtoto wa kidato cha 2 anayejua kugawanya anaweza kulifanya lote.

Nimemaliza unywele. Nifanye nini kingine?

Tafuta gololi ya baiskeli. Mwaka 1818 Augustin Fresnel alipeleka nadharia yake ya mawimbi kwenye shindano la Chuo cha Sayansi cha Ufaransa. Siméon Poisson, mmoja wa waamuzi, hakuikubali. Akakokotoa kwamba kama Fresnel yuko sahihi, basi katikati kabisa ya kivuli cha kitu cha duara pawe na nukta ya mwanga, jambo aliloliona la kipuuzi. François Arago akajaribu, nukta akaiona, na Fresnel akachukua zawadi.

Gundisha gololi ya milimita 3 au 4 kwenye kipande cha kioo safi kwa tone dogo la gundi, tone lisionekane pembeni ya gololi. Mbele ya leza weka lenzi ndogo uliyoitoa kwenye redio mbovu ya CD ili mwanga utawanyike. Gololi iwe mita 1.5 kutoka kwenye lenzi, ukuta uwe mita 3 zaidi. Vumbi kwenye kioo litakuchorea miduara kila mahali, usiyajali. Tazama kitovu cha kivuli.